Seti ya sanaa ya Gredi 7 mpaka 9: boksi ni zuri, shida ni kilicho ndani

Kila muhula wa kwanza ukianza napata ile meseji, "Mwalimu habari za jioni, nimeona seti ya sanaa hapa mjini imeandikwa Gredi 7 mpaka 9, nichukue ama niache?" na swali ni la haki kabisa manake boksi lenyewe linavutia, plastiki ngumu, mkono wa kubebea, vibanio viwili mbele, ukilifungua rangi zinakupiga macho na mtoto ameshaanza kukuvuta shati. Nikaamua basi ninunue moja kwa pesa yangu niiweke darasani muhula mzima tuone. Nililipa shilingi 1,450. Jina la kampuni na la duka sitaji, hizi seti ziko za majina kibao na ukizifungua ndani ni zilezile.

Mimi nafundisha sekondari ya chini, shule ya serikali ya kutwa, kaunti ya Machakos, somo la Sanaa za Ubunifu na Michezo ambalo sisi tunaliita CAS tu. Kwa asiyejua, Gredi 7 ya kwanza ilipoanza Januari 2023 sanaa ya kuchora ilikuwa somo lake peke yake, la hiari, halafu 2024 masomo yakapunguzwa ikaunganishwa na muziki, maigizo na michezo kuwa somo moja la lazima, vipindi 5 kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Sasa piga hesabu. Kuna wiki nzima tuko uwanjani na mpira wa wavu, wiki nyingine ni rekoda, kuchora kwenyewe kunapata kile kilichobaki. Ndio maana sina subira na kifaa kinachonilia muda. Mtoto akikaa dakika kumi anasugua kidonge cha rangi kilichokauka ndipo kitoe rangi, kipindi kimeenda.

Na kitu kingine cha kusema kabla sijafika kwenye boksi, wazazi wengi hawajawahi kufungua ule mtaala wenyewe, na uko bure kwenye tovuti ya KICD, ile taasisi ya serikali inayoandaa mitaala, unashusha kwa simu. Usiogope urefu wake. Tafuta safu ya matokeo maalum yanayotarajiwa, soma hiyo tu, utaona haisemi popote mtoto awe na rangi 24. Inasema aweze kufanya kitu: achanganye rangi, atie kivuli mpaka kitu kionekane kina unene, achore akiwa anatazama kitu chenyewe, aweke kazi yake kwenye maonyesho, aongee juu ya kazi yake na ya mwenzake kwa heshima. Hayo ndiyo niliyotumia kuipima hii seti. Kama haimsaidii kufika hapo basi ni toy, na toy si mbaya, lakini iuzwe kama toy isiandikwe Gredi 7.

Haya, ndani kuna vidonge vya rangi ya maji 24, krayoni 12, penseli moja ya HB, brashi tatu, raba, kichongeo, gundi mbili za kumetameta, stenseli mbili (vile vibao vilivyokatwa maumbo ya kufuatisha kwa penseli) na kijitabu cha picha za kupaka rangi.

Tuanze na rangi maana ndizo zinauza boksi. Ishirini na nne zinaonekana nyingi na ndio tatizo lenyewe. Lengo ni mtoto ajue kijani kinatoka wapi, sasa ukimwekea kijani sita tayari atachanganya nini? Anachukua tu. Nikabandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya vidonge vyote nikawaachia nyekundu, manjano na bluu, nikawaambia leo tunatengeneza gurudumu la rangi kwa hizi tatu. Manjano na bluu, kijani kizuri sana. Nyekundu na manjano, chungwa safi. Tukafika nyekundu na bluu, na hapa darasa likanyamaza kidogo, manake walijua inafaa kutoka zambarau na kilichotoka ni kahawia chafu, ile ya maji ya mtaro. Msichana mmoja makini sana, wa dawati la mbele, akasafisha brashi, akabadilisha maji, akarudia, kahawia tena, akaniuliza, "Mwalimu, kwani ni mimi?"

Si yeye. Ile nyekundu ya seti inaelekea upande wa chungwa, yaani ndani yake tayari kuna manjano, kwa hiyo ukiitia bluu umechanganya rangi zote tatu za msingi bila kujua na zikikutana zote tatu zinauana, unapata kahawia au kijivu. Ukitaka zambarau unahitaji nyekundu inayoelekea waridi, ile wanaita krimzoni au majenta. Nilikuwa na chupa yake kabatini, nikampa tone moja kwa bluu ileile ya seti, zambarau ikatoka hapohapo na akapiga kelele mpaka mwalimu wa hisabati akachungulia dirishani. Sasa fikiria darasa ambalo mwalimu wake amesomea muziki au michezo (na wako wengi, si kosa lao, somo limeunganishwa na kila mtu ana upande wake), mtoto ataenda nyumbani akiamini yeye hawezi, na kumbe ni kidonge.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha kufifisha rangi kwa kuongeza nyeupe na kuikoleza kwa kuongeza nyeusi, na hapo seti ikaanguka kabisa. Hizi rangi za vidonge ni za maji, zinaonyesha karatasi kwa chini, ukitaka rangi hafifu unaongeza maji tu, ile nyeupe haina kazi kubwa na ya hii seti ni kama chaki tupu, ikikauka inapotea. Kwa zoezi la namna hiyo unahitaji rangi nzito inayofunika, ile ya chupa wanayoita rangi ya posta (poster). Nikatoa za kwangu. Na kama hujawahi kuona sura za watoto wakitia nyeusi kidogo kwenye manjano wakitarajia manjano ya giza halafu inatoka kijani cha jeshi, jaribu siku moja, hakuna kitu nimefundisha mwaka huu kimewakaa kichwani kama hicho. Wamekuja kuniuliza tena na tena kwa nini. Ni kwa sababu nyeusi nyingi zina ubluu ndani, basi.

Penseli. Moja, HB, na HB ni ya kuandikia. Nawapa zoezi la masanduku matano kutoka nyeupe mpaka nyeusi tii, kwa HB mtoto anafika sanduku la tatu anakwama kwenye kijivu, akikazana karatasi inang'aa halafu inatoboka. Herufi B kwenye penseli ni weusi, ikipanda namba udongo unapungua na grafaiti inaongezeka, inakuwa laini na nyeusi zaidi. Penseli moja ya 4B ingefanya kazi kuliko stenseli, gundi na kijitabu vyote pamoja, na kwangu inauzwa shilingi 50. Hamsini! Kampuni imeweka gundi ya kumetameta mbili ikasahau penseli ya hamsini.

Asiyekuwa na hiyo hamsini pia hajakwama, mkaa wa kuchorea tunatengeneza wenyewe. Vijiti vikavu unene wa penseli, toa maganda, vipange kwenye mkebe wa bati wa kakao, funga kifuniko, toboa tundu moja kwa msumari na uweke juu ya jiko. Moshi utatoka kwa lile tundu, ukikata moshi toa mkebe, lakini usifungue mpaka upoe kabisa, ukifungua ukiwa moto hewa inaingia na vijiti vyote vinageuka majivu mbele yako. Kinachotoka kinaweka weusi ambao HB haitauona maisha yake yote, na ukipaka kwa kidole unapata kivuli laini cha mtungi au nyanya bila jasho. Picha ikiisha ipulizie sprei ya nywele kutoka mbali kidogo isichafuke.

Brashi sitazipotezea muda. Tatu zote nyembamba za mviringo, hakuna bapa hata moja, kwa hiyo kupaka anga au ukuta mtoto anachora mistari kama anaandika insha. Zinanyonyoka, unaona nywele zimekauka ndani ya picha. Na ukiiacha kwenye maji usiku mmoja mti unavimba na kile kibati kinalegea. Kwa hilo la mwisho nawalaumu watoto pia, brashi hailazwi ndani ya maji ikisimamia nywele, mtanisikia nikisema hadi nistaafu. Kuna kijana wangu alikosa brashi akavunja kijiti cha mswaki, akatafuna ncha mpaka ikachanuka, akapakia ukuta wa nyumba kwenye picha yake na nikwambie kweli ule ukuta ulikuwa na mguso, yaani ule ukwaruzo wa ukuta wa kweli, ambao brashi za boksi hazikuwapa wenzake.

Sasa stenseli. Hapa nitakasirika kidogo mnisamehe. Kuna pomboo, kuna mnara wa Eiffel, kuna farasi wa hadithi mwenye pembe moja. Machakos. Mtoto aliyekuwa na shamba la mahindi, punda wa maji, bodaboda tatu na bibi yake anasuka kiondo pale nje, vyote vya kuchora bure, ameniletea pomboo. Na wenzake wanne wameleta pomboo huyohuyo, wamepishana rangi tu. Lengo la mtaala ni atazame achore, jicho lifanye kazi, na stenseli imelifunga jicho. Elimo Njau, yule mchoraji mzee aliyezaliwa Kilimanjaro na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi miaka ya sitini, alipinga kuigaiga maisha yake yote, na ukienda kanisa kuu la St James pale Murang'a uangalie michoro yake ya ukutani ya 1959, Yesu na watu wake wako kwenye mandhari ya Kikuyu, milima ya pale, mimea ya pale. Huyo alitazama alipokuwa. Kijitabu cha kupaka rangi nacho ni hadithi ileile, tofauti ni kwamba mwenye kuchora ashamaliza.

Lakini nisiwe mchoyo, krayoni ni nzuri. Nzuri kweli, kuliko nilivyotegemea, zina nta ya kutosha na hazivunjiki ovyo. Tulizitumia kwa mambo mawili. La kwanza, unaweka karatasi nyembamba juu ya kitu chenye mguso, bati la mawimbi, jani upande wa mishipa, kiondo, sole ya kiatu, unalaza krayoni unasugua na sura ya kile kitu inapanda juu ya karatasi. Watoto walitoka nje wakarudi na karatasi zimejaa, mmoja amesugua kifuniko cha mfereji, wakazikata wakatengeneza kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, ya soko la Jumamosi, paa zote ni bati halisi. La pili, unachora kwa krayoni nyeupe kwenye karatasi nyeupe halafu unapitisha rangi ya maji juu, nta inakataa maji na picha inajitokeza. Hapo vile vidonge nilivyovisema vibaya vilifanya kazi vizuri tu kwa sababu ni vyepesi. Kwa hiyo vina mahali pake, ila si kwenye gurudumu la rangi.

Na kifuniko cha boksi kina vishimo vya kuchanganyia rangi, hicho nimekipenda. Boksi litabaki hata vilivyomo vikiisha.

Sasa kuna lile lengo ambalo hakuna boksi litauza, la kutazama kazi ya msanii na kuisema. Wazazi wanalidharau kwa sababu halileti karatasi nyumbani, na kwangu mimi ndio lina uzito kuliko yote. Kwetu huku hatuna haja ya kwenda mbali, Wamunyu iko hapa, wachongaji wako, na hadithi ya Mutisya Munge aliyejifunza uchongaji wa mpingo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi nao Ukambani kila mtoto wa hapa anafaa aijue. Nilileta twiga mmoja wa mti nikamweka mezani, nikasema kwanza mniambie mnachoona tu, msiniambie kama ni mzuri. Ilichukua muda. Wakaona shingo imefuata mshipa wa mti. Wakaona miguu minene kuliko ya twiga wa kweli, mmoja akasema ni ili asianguke, mwingine akasema hapana ni kwa sababu mti ungevunjika. Hayo mazungumzo ndiyo somo, na yaligharimu nauli.

Ukiwa Nairobi na watoto pia kuna Nairobi Gallery, lile jengo la zamani la mkuu wa mkoa la 1913 lililo na mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais, ni dogo, linaisha kabla watoto hawajaanza kulalamika njaa. Na nikifundisha vifaa vya bei rahisi huwa nawaonyesha Tingatinga, Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, alianza mwishoni mwa miaka ya sitini na vipande vya hardibodi na rangi za mafuta za madukani, akafariki 1972 na mtindo unaendelea mpaka leo una jina lake. Rangi zenyewe za mafuta sizileti darasani kwa sababu ya ule mvuke na tapentaini, darasa lina watoto hamsini na kitu na madirisha manne, lakini wazo nimelichukua. Ile rangi nyeupe ya ukuta ya maji, ya ndani ya nyumba, iliyoandikwa haina madini ya risasi, lita moja ya hadware ikitiwa poda ya rangi au vile vichupa vya mafundi vya kukolezea inanitosha darasa zima kwa mradi mzima.

Maana tukiongea pesa tuongee ukweli. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya chini ni 15,042 kwa mwaka na hiyo ni ya kila kitu, si rangi, na hata hiyo inakuja ikichelewa, kwa hiyo mzazi ataombwa kitu, na mzazi akiombwa bila kuelezwa ataenda kununua boksi. Mimi kwa pesa ya chini ya hiyo seti nilinunua rangi za posta tano, yaani krimzoni, manjano, bluu, nyeupe na nyeusi, zote 600, brashi bapa moja na ya mviringo namba 6 kwa 160, penseli ya 4B hamsini, manila tatu za thelathini thelathini. Jumla 900. Na hivyo vinatumika na watoto wanne kwenye meza moja, si mtoto mmoja. Wazazi wanne wakichanga hawafiki 250 kila mtu. Manila msidharau, karatasi ya fotokopi ikiguswa na maji inajikunja na rangi inatokea upande wa pili.

Ukitaka nitoe alama basi nitoe kwa lugha yetu ya kazini. Krayoni, kufikia matarajio. Boksi na kifuniko chake, kuzidisha matarajio, sina neno. Rangi za vidonge, kukaribia matarajio. Brashi, stenseli na penseli, mbali na matarajio. Seti nzima naiweka kwenye kukaribia, na kwa 1,450 hiyo si sifa. Kwa mtoto wa Gredi 3 anayetaka kuchezea rangi Jumamosi mvua ikinyesha ningeipandisha, hapo haina ubaya wowote.

Aliyekwisha nunua asirudishe, na pengine hata hawatakubali, mimi niliambiwa bidhaa ikifunguliwa hairudi. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya vidonge 21, stenseli mpe mdogo wake, ongeza penseli ya 4B na chupa mbili tu, krimzoni na nyeupe. Ukifika dukani usiseme "nyekundu" manake utapewa ileile ya chungwa, sema krimzoni au majenta na umwombe muuzaji akuonyeshe chupa kwenye mwanga. Wakisema imeisha usikubali ile waridi ya kung'aa ya taa za usiku, hiyo si krimzoni, subiri wiki ijayo mzigo uingie.